Umeme Ukikatika, Sare za Watu Nitazimalizaje?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Pasua hapa Moshi. Kazi yangu ni ufundi cherehani. Nilianzia barazani kwa mama, na cherehani yake ya miguu, nikibana nguo za mitumba ambazo watu walinunua Memorial na kushona mashuka ya majirani. Miaka minne iliyopita nilipata fremu Majengo yenye umeme. Nikafunga mota kwenye cherehani, nikanunua ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, na mwaka juzi nikaongeza cherehani nyingine ya umeme. Sasa nina wasichana wawili wananisaidia.

Shangazi, umeme ndio ulionitoa. Gauni la kitenge lililokuwa likinichukua siku moja na nusu, leo linatoka kabla ya jioni, na usiku nakata la kesho. Wateja walipoona ndani ya nguo kumepigwa ovaloki kama nguo ya dukani, waliacha kunipunguzia bei.

Yaliyonipata ni ya Desemba. Unajua Desemba yetu Moshi, watu wote wanarudi nyumbani, kila ukoo una harusi, ubatizo au sendoff. Mama mmoja wa Kibosho alinipa sare 18 za sendoff ya binti yake, Jumamosi ya baada ya Krismasi. Vitambaa alivileta tarehe 10. Nilikuwa na kazi nyingine za watu, nikazimaliza kwanza, hizi sare nikazianza tarehe 21. Tarehe 23 jioni umeme ukakatika mtaa mzima. Tukaambiwa transfoma imepata hitilafu. Ulirudi tarehe 25 usiku.

Siku mbili hizo sitazisahau. Ovaloki haiwaki, pasi haipati moto, wasichana wangu wanataka kwenda kwao kula sikukuu. Tulishona kwa zamu kwenye cherehani ya mama, tukimulikana kwa tochi za simu. Sare 11 zilitoka vizuri. Saba zilitoka bila ovaloki, na mbili kati ya hizo pindo tulizibana kwa pini. Yule mama hakunigombeza. Alizitazama, akanyamaza, akalipa salio lote, akaondoka. Afadhali angenitukana. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu, na nasikia jumuiya yao nzima wanajua.

Sasa kwaya ya usharika mmoja wanataka niwashonee sare 40, sketi na blauzi, za Pasaka. Zimebaki wiki tisa. Wanataka jibu Jumapili ijayo. Ni kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na naogopa.

Akiba yangu ni shilingi milioni moja na laki mbili. Mume wangu anasema ninunue jenereta ya kaka yake, aliyokuwa akiitumia saluni, anaiuza laki nane. Mama anasema nirudi kwenye cherehani ya miguu, eti umeme ni kitu cha kuazima. Rafiki yangu ananiambia nihamie mjini, karibu na Double Road, kwamba kule haukatiki ovyo, ila kodi ni mara tatu ya ninayolipa. Na mwenye nyumba wangu ananitoza elfu sabini kila mwezi za LUKU. Tunachangia mita moja watatu: mimi, kinyozi na bucha. Kinyozi anatoa elfu ishirini, bucha elfu thelathini. Mimi nikiuliza, naambiwa, "Wewe ndiye mwenye mashine."

Halafu tunasikia bwawa la Rufiji limekamilika, umeme upo wa kumwaga. Mbona kwetu bado unakatika? Na hii kwaya niikubali au niiache?

Mwanao,
Fundi wa Pasua


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale yule mama aliponyamaza na kulipa. Nami nimewahi kulipwa hivyo. Pesa ile sikumbuki niliinunulia nini, ila sura ya aliyenipa naiona mpaka leo. Kwa hiyo jua kwamba anayekujibu anaelewa.

Nimekulia Arusha, Ngarenaro, mama yangu akishona barazani. Nyumbani kwetu umeme haukuwepo, jioni aliwasha kandili akaendelea. Siku moja alimshonea mzee wa kanisa suti ya Kaunda, kitambaa cha bluu iliyokoza. Chini ya kandili, uzi mweusi na uzi wa bluu iliyokoza ni kitu kimoja. Asubuhi jua lilipopiga, mishono yote ya juu ilionekana kama mistari ya kalamu. Alifumua siku mbili, mimi nikimshikia upande wa pili wa kitambaa, yeye na wembe. Ndiyo maana mtu akinitajia umeme na ushonaji, fikra yangu haiendi kwanza kwenye mota, inaenda kwenye taa. Wewe mwenyewe umeandika kwamba usiku unakata nguo ya kesho. Hiyo ni kazi ya balbu ya wati tisa, na sidhani kama kuna kifaa kwenye fremu yako kinachokuingizia zaidi kwa gharama ndogo hivyo.

Kwa hiyo mama yako namheshimu, lakini hapa simuungi mkono. Cherehani ya miguu inashona mshono mzuri sana, wala hakuna mteja atakayejua kama mota ilitumika. Lakini haipigi ovaloki, haipashi pasi joto, haimuliki. Ukirudi huko utarudi kwenye nguo moja kwa siku moja na nusu, na wasichana wako wawili utawapa kazi gani? Ila usiiuze. Ipake mafuta, ibadilishie mkanda, iweke palepale kwenye fremu ikiwa na uzi tayari. Desemba ndiyo iliyokuokoa, tena haikuokoa kidogo.

Sasa nikwambie ninachokiona kwenye kazi yako, maana ukikielewa hiki, hayo mengine yatajipanga. Mteja wa gauni moja anaweza kusubiri. Atanuna, atarudi Jumatano, atavaa Jumapili nyingine. Mteja wa sare hawezi, kwa sababu sendoff haiahirishwi kwa ajili ya fundi. Na biashara ya ushonaji kwetu inakuzwa na sare: mtu mmoja anakuletea watu 18, kwaya moja inakuletea 40, na wote wanatembea na kazi yako migongoni mbele ya kanisa zima. Anayepewa sare ni fundi ambaye tarehe yake inaaminika. Mafundi wetu wana sifa ya "njoo kesho" tangu enzi, na wengi wao wana mikono ya dhahabu. Umeme wa uhakika unakupa nafasi ya kutaja tarehe na kuisimamia. Ndiyo maana ukikatika siku mbili unaumia kuliko muuza maharage wa jirani, aliyepoteza siku mbili tu. Wewe umepoteza neno lako.

Na kwa kuwa ni neno lako tunalizungumzia, nitakuambia jambo moja ambalo hutalipenda. Vitambaa vilifika tarehe 10. Ulianza tarehe 21. Kati ya tarehe hizo umeme ulikuwepo siku kumi na moja. Najua kulikuwa na kazi za watu wengine, na Desemba Moshi fundi hana usingizi. Lakini ungekuwa umekata na kupiga ovaloki sare zote 18 kufikia tarehe 18, ile transfoma ingekukuta umebakiza pindo na vifungo, kazi za mkono, ambazo ungezimalizia mlangoni mwa fremu mchana kweupe. Sikulaumu kwa umeme kukatika. Nakuomba tu usiuache ushike lawama yote, kwa sababu sehemu iliyo yako ndiyo unayoweza kuirekebisha wiki hii bila senti tano.

Kuhusu bwawa, umeuliza swali ambalo watu wengi wanaliuliza. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na hapo ndipo ule mgao tuliouonja tangu mwishoni mwa 2023 ulipoanza kupungua. Mgao maana yake nchi nzima haina umeme wa kutosha. Hilo bwawa limelishughulikia. Yaliyokukuta wewe ni mengine kabisa: umeme ulikuwepo kwenye gridi, ukashindwa kuvuka transfoma ya mtaa wenu. Transfoma moja, nguzo moja, tawi moja la mti wakati wa masika, linatosha kuizima Majengo yote hata Rufiji ikifurika. Halafu sisi wa kaskazini tuko mbali na mitambo mikubwa, na umeme ukisafiri mwendo mrefu kwenye nyaya hupungua njiani. Bwawa letu la jirani, Nyumba ya Mungu, lina megawati 8 tu. Machi 2025, Rais Samia akiwa ziarani Kilimanjaro, alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa yetu, na sababu aliyoitoa ni hiyohiyo ya umbali. Basi usikae ukingoja siku ambayo hautakatika kabisa. Panga kazi ukijua kwamba utakatika, mara chache, kwa saa chache, na mara mojamoja kwa siku mbili.

Mara ngapi hasa? Wewe hujui, mwanangu, na hata rafiki yako wa Double Road hajui, anakwambia anavyohisi. Nunua daftari la mia tano, litundike ukutani. Umeme ukikatika andika siku na saa, ukirudi andika. Andika pia zile jioni ambazo taa zinafifia na cherehani inavuta kwa shida, maana saa moja hadi saa tatu usiku watu wote wanapika, wanapiga pasi, wanaangalia taarifa ya habari, na transfoma inalemewa. Mota ikishona na umeme mdogo hupata moto na huungua kabla ya wakati wake. Kama unaweza, ovaloki na pasi zifanyike asubuhi, jioni ibaki ya kukata na kutarizi. Mwombe rafiki yako naye aandike huko kwake wiki tatu. Hapo ndipo mtakapojua kama kodi ya mara tatu inanunua kitu. Daftari hilo lina faida nyingine. Majirani wakienda nalo kwa mwenyekiti wa mtaa na TANESCO, wakionyesha tarehe na saa, wanasikilizwa kuliko wakienda na malalamiko. Simu ya huduma kwa wateja ni 180. Piga kila mara, usiseme jirani atapiga.

Sasa LUKU. Hapa nimekasirika kidogo kwa niaba yako, na nimechukua kalamu.

Kwenye kundi la matumizi ya kawaida, yaani T1, uniti moja ni shilingi 292, na ukijumlisha VAT na tozo inafika kama 356. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28 hivi. Pasi yako tuseme ni ya wati 1,200. Ikiwa imewashwa saa nne kwa siku, kwa kuwa inajizima na kujiwasha yenyewe, itakula kama uniti mbili na nusu. Cherehani mbili zenye mota ndogo, hata mkikanyaga mchana kutwa, hazizidi uniti moja na kidogo. Ovaloki na ile mota yake kubwa inayounguruma, uniti moja na robo. Taa hazifiki hata nusu. Jumla ni kama uniti tano kwa siku. Zidisha kwa siku 26 za kazi, ni uniti 130 au 135, ambazo ni shilingi elfu arobaini na nane hivi. Wewe unatoa sabini. Na bucha lenye friji kubwa linalounguruma usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, wakati wewe umefunga fremu na kwenda zako Pasua, linatoa thelathini! Mwanangu, unalipia kupoza nyama ya watu.

Usiende kugombana. Nenda na hesabu hiyo kwenye karatasi, mbele ya wote watatu, kwa heshima. Omba moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kila fremu kufungiwa mita ndogo ya kusoma tu, ili mwisho wa mwezi kila mtu alipe alichotumia. Ni nafuu na haina mlolongo. La pili, ambalo mimi ndilo ninalolipenda, ni wewe kupata LUKU yako. Kwa mjini, njia moja, pale ambapo hakuhitajiki nguzo na nyumba iko ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo iliyopo, gharama ya kuunganishiwa ni shilingi 320,960, na maombi unaweza kuyafanya kwa simu kupitia NIKONEKT, mfumo wa maombi wa TANESCO. Mwenye nyumba lazima aridhie, na nyaya za fremu yako zitenganishwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, usikubali kijana wa mtaani mwenye koleo na bisibisi. Mita itabaki kwenye nyumba yake hata ukihama, kwa hiyo mwombe mkate sehemu ya gharama kwenye kodi, na muandikiane. Hata asipokubali kukata, ile elfu ishirini na zaidi unayoizidisha kila mwezi itakurudishia pesa yako ndani ya mwaka mmoja na nusu. Na kuna nafuu ambayo haihesabiki: hutakuta tena uniti zimeisha saa nne asubuhi kwa sababu kinyozi hakuchanga. Hiyo nayo ni kukatika kwa umeme, ingawa hatuiiti hivyo.

Wakati huyo fundi wa umeme yupo, mwambie aipe pasi soketi yake yenyewe. Nina hakika, ingawa hukuandika, kwamba pasi, ovaloki na chaji za simu zote ziko kwenye ekstensheni moja. Shika plagi yake jioni. Ikiwa ya moto, acha kuitumia leo hii. Fremu yenye vitambaa vya watu haichezewi.

Jenereta ya shemeji yako usiinunue. Jenereta ndogo ikibeba pasi na mashine zako inakunywa karibu lita moja ya petroli kwa saa, na lita tuseme ni elfu tatu. Elfu tatu hiyo kwenye LUKU ni uniti nane, yaani zaidi ya siku nzima ya fremu yako yote. Ukiiwasha saa sita umeteketeza faida ya gauni. Ongeza kelele, ongeza moshi unaoshika kwenye lesi na satini, na ongeza swali la kwa nini mwenye saluni anaiuza. Wapo watu wengi walionunua jenereta wakati wa mgao na sasa zinawachukulia nafasi tu. Najua ugumu ulipo ni mumeo, kwa sababu ukikataa jenereta utaonekana umekataa ndugu. Usimwambie "sitaki." Keti naye, mwonyeshe hizo hesabu za lita na uniti, umwambie kwamba siku ambayo umeme utakatika kwa muda mrefu na kazi iko mezani, utaikodi jenereta kwa shemeji kwa siku hiyo na utamlipa. Shemeji atapata pesa, na akiba yako itabaki mahali pake.

Kitu nitakachokushauri ununue ni inveta ndogo na betri, ichajiwe na LUKU hiyohiyo. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea 100 inabeba kama uniti moja na kidogo, na ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu yake. Nusu hiyo inawasha taa zako zote na kuendesha cherehani mbili kwa saa tatu au nne. Kukatika kwingi kunaishia ndani ya muda huo. Muuzaji atakuambia inabeba na pasi. Itabeba, kwa nusu saa, halafu utabaki gizani na betri iliyochoka. Pasi kamwe usiichomeke hapo. Azima au nunua pasi ya mkaa kwa ajili ya kitenge na pamba, na uweke kitambaa chenye unyevu juu ya nguo, kwa maana cheche moja inatoboa. Satini na lesi zisubiri umeme.

Ovaloki nayo haitapenda betri, ile mota ya zamani inavuta nguvu nyingi wakati wa kuwaka, na inaendelea kula umeme hata ukiwa hujakanyaga. Siku ukiwa na nafasi ibadilishie mota ya servo, ile inayonyamaza mpaka mguu uguse. Itakula kidogo zaidi, na fremu itatulia kiasi kwamba mtasikia redio. Lakini si sasa.

Badala yake badilisha utaratibu wa kazi, na hapa nakusihi unisikilize kuliko kwenye betri. Mafundi wengi wa barazani huacha ovaloki mwisho, nguo ikiwa imeshashonwa. Anza nayo. Ukishakata vipande, vipige ovaloki pembeni vyote vikiwa bado bapa, vya sare zote, siku hiyohiyo au kesho yake. Kisha piga pasi gamu za kola na mikanda, zote kwa pamoja. Ukimaliza hapo, kazi inayohitaji umeme mkubwa imeisha, na kilichobaki kinaweza kushonwa na betri, na cherehani ya mama, na hata mkono. Umeme ukiwepo, fanya kinachohitaji umeme. Kukata, kuweka vifungo, kupinda kwa mkono na kubandika zipu kwa uzi wa mpito ni kazi za jua. Wafundishe na wasichana wako, ili siku ukiwa Kibosho kwenye msiba wasikae wakingoja taa.

Kwaya ikubali. Sare 40, wiki tisa, watu watatu. Mkitoa seti mbili tu kwa siku, ni siku 20 za kazi, na wewe unazo zaidi ya hamsini kabla ya Pasaka. Umeme ukatike hata wiki nzima, bado unazo. Waambie tarehe ya kukabidhi ni wiki mbili kabla ya Pasaka, nawe moyoni uwe na tarehe ya wiki tatu kabla. Nusu ya malipo ichukuliwe kabla ya kukata, vipimo vya watu wote 40 vipatikane ndani ya wiki ya kwanza, na asiyekuja kupimwa jina lake apewe kiongozi wa kwaya. Katika kwaya kuna mtu atakayekuja wiki ya mwisho akisema amenenepa. Acha akiba ya kitambaa kwenye mishono ya ubavuni.

Usihame bado. Pasaka ikipita, soma madaftari mawili, lako na la rafiki yako, ndipo uamue. Ukitaka kuongeza mashine ya tatu, mkaungane wenzako kadhaa kwenye kikundi mkaulize halmashauri mikopo ya asilimia kumi, ambayo asilimia nne ni ya wanawake na haina riba. Hiyo ni bora kuliko kukopa kwa mtu atakayekuja kukaa mlangoni kila Ijumaa.

Na yule mama wa Kibosho. Simu ameshakataa, basi usimpigie. Panda gari uende, siku isiyo ya ibada, ukiwa na ovaloki iliyojaa uzi wa rangi ya kitenge kile ikikungoja fremuni. Mwombe zile sare saba urudi nazo uzimalize bila malipo. Usimweleze transfoma, anaijua, hata kwake huenda giza lilikuwepo. Mwambie, "Mama, kazi yako sikuimaliza, nimeijia." Anaweza kukataa. Ukirudi mikono mitupu, bado jumuiya ile itasikia kwamba ulikwenda.

Vitambaa vya kwaya vikifika, kabla ya kununua uzi, toa kipande kimoja ukipeleke mlangoni saa sita mchana, ulinganishe rangi hapo, juani. Ukinunua, nunua wa sare zote 40 kwa pamoja, boksi moja, duka moja.

Akupendaye,
Shangazi